Yale matundu niliyoyasafisha

Nataka niandike hii kitu sasa hivi wakati bado naikumbuka vizuri, maana kila mwaka naona vijana wapya wanaingia kwenye kazi ya kusafisha visukuku, wanafundishwa kushika brashi, wanafundishwa gundi, wanafundishwa kile kikalamu cha upepo kinachogongagonga mwamba, lakini habari ya matundu kwenye mifupa hakuna anayewaambia mpaka washaharibu. Mimi nilishaharibu.

Mfupa wangu wa kwanza wa maana ulikuwa paja la dinosauri mla majani, si mkubwa sana, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani mpaka kwenye vidole. Ulikuja umefungwa plasta kama inavokuja mifupa yote ya uchimbaji. Nikafungua plasta, nikatoa mchanga wa juu, kazi ikaenda vizuri tu, mpaka nikafika upande wa chini kule karibu na goti nikakuta matundu. Yalikuwa mviringo wa kurefuka hivi, kama punje ya mchele iliyovimba, upana milimita 4 au 5, marefu kabisa yalifika milimita 12, mengine yamejitenga na mengine yamegusana. Ndani yamejaa kitu cha kahawia iliyofifia, tofauti kidogo na mchanga wa nje. Ile tofauti niliiona kabisa kwa macho yangu na nikaipita.

Nikachukua sindano nikaanza kuchokoa. Siku mbili nzima nachokoa. Kila kilichotoka nakifagia kinaingia kwenye pipa pamoja na vumbi la plasta, halafu nikapaka gundi nyepesi kwenye kuta za kila tundu ili kingo zisimeguke, na nilipomaliza niliridhika sana, mfupa ulikuwa safi, nikaenda kumwita mzee aliyekuwa anasimamia maabara aje aone.

Mzee akaushika, akauinamisha kwenye taa, akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Kijana wangu, kilichokuwa humu ndani umekiweka wapi?"

Nikamwambia nimekitupa mzee, ilikuwa mchanga tu.

Hakunigombeza. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Haya ni vyumba. Kuna mdudu alilala humu. Sasa umefagia kabla hatujamjua."

Ile kauli sikuielewa siku ile. Kwangu mimi kisukuku kilikuwa mfupa, jino, gamba, kitu ambacho zamani kilikuwa mwili wa mnyama. Tundu kwangu lilikuwa hasara, sehemu ambayo mfupa haupo. Mzee akanirudisha kwenye kitu ambacho kila mtu anakijua, zile nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye jivu la volkano miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Akaniuliza mle kwenye unyayo kuna mfupa gani? Hamna. Ni shimo lililobonyezwa tu kwenye jivu, na bado dunia nzima inaliheshimu kwasababu linaonyesha mtu alivyotembea. Akasema matundu kwenye mfupa ni ndugu wa nyayo, yote ni alama za maisha zilizogeuka jiwe, na elimu yake inaitwa iknolojia. Na kwenye mifupa ya hukohuko Laetoli kuna alama ambazo zimehusishwa na wadudu, utafiti wake ulichapishwa mwaka 2000, yaani sehemu moja ina nyayo za watu wa kale na mifupa iliyotafunwa na wadudu, ila ya kwanza inajulikana na ya pili hata mimi niliyekuwa nafanya kazi hiyo sikuwahi kuisikia.

Siku zilizofuata nikawa nasoma kila nilichoweza kupata. Kumbe vile vyumba vina jina. Mwaka 2007 Roberts na wenzake walieleza matundu kwenye mifupa ya dinosauri kutoka Madagascar na Utah kule Marekani, wakayaita Cubiculum ornatus, na cubiculum kwa Kilatini ni chumba cha kulala. Nilipokutana na hiyo maana niliweka karatasi chini nikakaa kimya, kwasababu mzee alikuwa ameniambia neno lilelile na mimi nilidhani ananifariji tu. Kwenye kazi hiyohiyo wakaipa jina michirizi inayotambaa juu ya mfupa, Osteocallis mandibulus, yaani ni kama kijia kilichokwaruzwa kwa taya.

Hapa kuna jambo ambalo lilinichanganya kwa miezi. Jina linapewa alama, halipewi mdudu. Cubiculum sio jina la mbawakawa, ni jina la chumba, na hata kesho ikijulikana kwamba chumba kile kilichimbwa na mdudu mwingine kabisa jina linabaki palepale. Mwanzoni niliona kama ni kukwepa swali. Sasa hivi naona ndio uaminifu wenyewe, kwasababu wadudu wawili tofauti wanaweza kuchimba tundu linalofanana na mdudu mmoja anaweza kuacha alama za aina tatu kwenye mfupa mmoja, akitafuta chakula anaacha hii, akitafuta pa kujificha anaacha ile, kwahiyo ukianza kwa kumtaja mhusika kabla ya kueleza alama unakuwa umeshahukumu kesi bila kusikiliza.

Sasa jibu la nani aliyelala kwenye paja langu lilikuwa chumba cha pili cha maabara yetu, na nilikuwa nalilisha kila asubuhi. Maabara zinazotengeneza mifupa ya wanyama wa sasa kwa ajili ya kulinganisha huwa zinafuga mbawakawa wa ngozi, Dermestes maculatus, unaweka mzoga uliokaushwa kwenye boksi na wao wanakula nyama mpaka mfupa unabaki mweupe, kazi nzuri ambayo mkono wa mtu hauifikii. Boksi letu lilikuwa jukumu langu. Niliambiwa tu nisiwaache wakakosa nyama, na niweke vipande vya povu gumu pembeni, na sikuwahi kuuliza povu la nini.

Baada ya yale matundu nikaanza kukaa pale na tochi. Buu wa mbawakawa hawa ana manyoya, anakula, anajivua ngozi, anakula tena, halafu akikomaa anabadilika tabia. Anaacha nyama. Anaanza kutangatanga anatafuta kitu kigumu cha kutoboa, ajichimbie kichumba aingie ageuke pupa, na sababu yake ni nzito, pupa hawezi kukimbia wala kujitetea na ndugu zake mwenyewe wakimkuta wanamla. Kwahiyo anachimba povu, anachimba mbao, na akikosa vyote hivo anachimba mfupa. Kuna fuvu moja lilisahaulika mle ndani muda mrefu wakati povu limekwisha, nikalitoa nikalipeleka chini ya hadubini, na nikaona vishimo vya mviringo wa kurefuka, kwenye kuta zake kuna mikwaruzo midogomidogo iliyopinda, miwili miwili, ya taya. Mfupa wenyewe alioukwangua hakuula wote, unga wake ulikuwa umebaki mlemle ndani umechanganyika na vinyesi.

Unga wa mfupa. Ndio ile kahawia iliyofifia niliyoifagia, au naamini hivo, kwasababu siwezi tena kuthibitisha.

Nikarudi kwa mzee nikamwambia nimepata, ni mbawakawa wa ngozi. Akaniuliza kama nina uhakika walikuwepo wakati huo. Swali zuri. Wapo waliokwisha kusema hivyo kuhusu mifupa ya zamani, Britt na wenzake mwaka 2008 walieleza alama za namna hii kwenye mifupa ya dinosauri Camptosaurus kutoka miamba ya Morrison kule Wyoming, miaka kama milioni 150, na mbawakawa wenyewe wa ukoo huo wamepatikana kama visukuku China kwenye miamba ya Jurasiki ya kati, ya zamani zaidi hata kuliko hiyo. Mzee akasema basi andika "inafanana na kazi ya mbawakawa wa ngozi" na usiongeze neno.

Kitu kilichonikamata zaidi kuliko jina la mdudu ni muda. Fikiria mnyama kafa. Kama angezikwa na mafuriko siku ileile hakuna buu angefika kwenye paja lake. Mbawakawa hawa wanakuja wakati mzoga umeshaanza kukauka, funza wa nzi wameshapita, kimebaki kipande cha nyama ngumu na mishipa na ngozi, halafu wanataga, na kutoka yai mpaka mbawakawa mzima kwenye joto zuri ni kama wiki 5 mpaka 7. Wakizama kwenye maji kazi imeisha. Kwahiyo vichumba vile vinakwambia mfupa ulikaa juu ya ardhi, kwenye hewa, pakavu, wiki nyingi, ndipo mto ukaja ukaufunika mchanga. Mwamba wenyewe haukwambii hivo, mchanga wa mto ni mchanga wa mto. Mfupa mzima nao haukwambii. Ni ile sehemu ambayo mfupa haupo ndio inakwambia.

Basi nikageuka mtu wa matundu. Nikapewa sanduku la mbavu na pingili nikarudi na orodha ya matundu 41, nimeyachora yote, najiamini. Mzee akakaa na mimi akaanza kufuta. Hili ni tundu la mshipa wa damu, ona linaingia kwa kuinama na kingo zake laini zimeviringika, mfupa ulijijenga ukizunguka mshipa wakati mnyama yuko hai. Hili jino, ona mfupa umebonyea kwenda ndani na una nyufa pembeni, jino linakandamiza lakini mdudu anaondoa kidogokidogo kwahiyo ukingo wake umekatwa safi. Hili ni la kikalamu chako mwenyewe, leupe, halina kitu ndani, chuma kiliteleza. Hizi ni mizizi ya mimea, imekula uso wa mfupa kwa asidi, inatambaa kama kamba na haina mikwaruzo. Tukabaki na 6 kwenye 41.

Akanionyesha pia kingo zilizopona. Mfupa wa mnyama aliye hai ukitobolewa unajibu, unaota mfupa mpya pembeni, unavimba, na ukiona hivo ujue tundu lilitokea kabla ya kifo. Hata wakubwa wanabishana kwenye hilo, yule dinosauri Tyrannosaurus maarufu aliyeko Chicago anayeitwa Sue ana matundu kwenye taya ya chini, walikuwepo waliosema ni meno ya mwenzake, halafu mwaka 2009 ikatoka hoja kwamba ni ugonjwa wa vimelea unaofanana na ule unaowapata njiwa wa leo. Nilijifunza kutoona aibu kwa zile 35 zilizofutwa.

Habari za baharini nilizipata baadaye na ntasema ukweli ndizo ninazozipenda kupita zote. Mwaka 2002 kwenye ghuba ya Monterey, California, kina cha mita karibu 2,900, watafiti walikuta mzoga wa nyangumi na mifupa yake imefunikwa na minyoo myekundu kama manyoya. Mwaka 2004 wakaipa jina Osedax, mla mifupa. Mnyoo huyu hana mdomo. Hana tumbo. Ana mizizi kama mmea, anaizamisha ndani ya mfupa, mizizi inatoa asidi inayeyusha ile sehemu ngumu, anafyonza kolajeni, ile protini iliyomo ndani ya mfupa, na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi ndio wanamsaidia kuigeuza chakula. Hao wote unaowaona ni majike, madume ni wadogo mno kiasi cha kuhitaji hadubini na wanaishi wengi ndani ya mrija wa jike mmoja.

Sasa alama anayoiacha ndio imenifundisha kutoamini macho yangu. Kwa nje ni kitundu tu, duara dogo pale mwili wake ulipotokeza, unaweza kusema ni tundu la mshipa ukapita. Ndani, chini ya ile ngozi ngumu ya mfupa, kuna pango zima la kubonyeabonyea pale mizizi ilipotanda. Alama za namna hiyo kwenye mfupa wa nyangumi wa Toscana, Italia, wa miaka kama milioni 3, zilipewa jina Osspecus, pango la mfupa. Huwezi kuliona pango hilo kwa taa wala kwa sindano, lazima siti skani, na siti skani ndiyo iliyoleta ile kazi ya mwaka 2015 ambapo Danise na Higgs walichukua mifupa iliyokuwa imetunzwa kwenye makumbusho ya Cambridge, ya plesiosauri, wale reptilia wa baharini wa enzi za dinosauri, na ya kasa, wakaona mapango ndani yake. Ya plesiosauri ilikuwa na miaka karibu milioni 100.

Hebu tulia kidogo kwenye hilo. Nyangumi hawakuwepo miaka milioni 100 iliyopita. Watu walidhani mnyoo huyu na nyangumi walikuja pamoja, kumbe mnyoo alikuwepo anakula plesiosauri, plesiosauri wakaisha miaka milioni 66 iliyopita, nyangumi wakubwa wa bahari bado hawajatokea, na katikati hapo inaonekana kasa ndio waliomvusha. Habari yote hiyo iko kwenye vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini kwenye mifupa ambayo ilikuwa makumbushoni tayari. Na wapo wanasayansi wanaosema upande wa pili wake, kwamba kama minyoo hii imekuwa ikiyeyusha mifupa baharini muda wote huo, basi ni mifupa mingapi hatutaiona kamwe kwasababu waliimaliza. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kuna na chaza wanaotoboa, wao tundu lao lina umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, kwasababu chaza anaingia mdogo anakua humohumo ndani. Linaitwa Gastrochaenolites. Kaskazini mashariki mwa Mali yamepatikana kwenye mifupa na kwenye vinyesi vilivyogeuka jiwe, kazi ya mwaka 2004. Mimi kilichonisaidia pale ni kujua kwamba tundu linaweza kuchimbwa muda mrefu sana baada ya kifo, mfupa umeshazikwa, umeshakuwa mgumu, halafu bahari inaufukua unakaa wazi chini ya maji na chaza anauona kama jiwe lolote la kutoboa. Kwahiyo siku hizi kabla ya kuuliza nani, nauliza lini, mfupa ulikuwa mbichi, mkavu au jiwe tayari.

Nafasi yangu ya pili ilikuja baada ya kama miaka miwili. Mfupa wa nyonga, matundu ya umbo lilelile, na safari hii nilikuwa tayari. Sikugusa kitu kwanza. Nilizima taa kubwa nikaweka tochi pembeni kabisa ili mwanga ukwaruze uso, nikapiga picha na kipimo, nikayapa namba, ndipo nikafungua tundu moja tu na kila kilichotoka kikaingia kwenye kichupa chenye lebo. Silikoni ya kuchukulia umbo niliiacha mwisho, maana inaacha mafuta yanayoingia kwenye vijitundu vidogovidogo vya mfupa na hayatoki. Gundi sikupaka ndani. Chini ya hadubini ule ujazo, yaani kile kilichojaa ndani ya tundu, ulikuwa na vipande vidogo sana vya mfupa vyenye ncha kali vimechanganyika na tope laini, wakati mwamba wa nje ulikuwa mchanga wa punje kubwa. Nilimwita mzee, akaangalia, akaondoa jicho, akaangalia tena. Akasema, "Haya, huyu hajafagiwa."

Wale wa uchimbaji walikuwa wamechora mshale kwenye plasta kuonyesha upande uliokuwa juu, na vichumba karibu vyote viko upande wa chini, ule uliogusa ardhi, ambako naona kulikuwa na giza na baridi kidogo. Nilitaka kuandika kwamba mabuu walikimbia jua. Mzee akakataa, akasema mfupa mmoja hauwezi kubeba maneno mazito hivo, na kama mto uliugeuza kabla ya kuufunika je? Alikuwa sahihi, nikaandika mwelekeo tu nikaacha sababu.

Kwenye paja lile la kwanza nilirudi. Kwa asetoni na pamba nilitoa gundi yangu mwenyewe taratibu, tundu moja kwa siku, na kwenye matatu nikakuta mikwaruzo ya taya bado ipo chini yake. Kwenye sita hakuna kitu, sindano yangu ilishapita. Nikachukua kadi ya kumbukumbu ya mfupa ule nikaandika kwa mkono wangu kwamba ujazo wa matundu 1 mpaka 9 uliondolewa wakati wa kusafisha na haukuhifadhiwa, nikaweka tarehe na saini. Wakati naurudisha kwenye droo nikapitisha tochi kwa pembeni mara ya mwisho, na pale nyuma ya kifundo cha goti, chini ya ganda jembamba la plasta ambalo sikuwahi kulimalizia, nikaona ukingo wa mviringo. La kumi, limejaa mpaka juu. Lipo mpaka leo, halijaguswa, linasubiri zamu kwenye skana.